Gari la Mtumba: Maili Laki Moja na Hofu Tuliyoirithi

Kuna sheria moja ya magari ambayo wengi wetu tuliokulia Uingereza tumeirithi kwa wazazi: usinunue gari lililopita maili laki moja. Baba anasema, mjomba anasema, hata yule mzee wa msikitini au kanisani ambaye hajawahi kuendesha anasema. Na kila mmoja anaisema kama vile imeandikwa mahali.

Sasa tupige hesabu. Umepata kazi Birmingham na unaishi Leicester, kama maili 40 kwenda na 40 kurudi. Siku tano kwa wiki ni maili 400. Ukifanya kazi wiki 46 kwa mwaka, umetembea maili 18,400. Ukinunua gari lenye maili 60,000, baada ya miaka miwili na miezi michache tu umelifikisha laki moja wewe mwenyewe, na pengine hujamaliza kulilipia. Kwa hiyo, kama sheria ya wazazi ni ya kweli, mtu wa safari ndefu na mfuko mdogo hana gari la kununua. Lakini sheria hiyo ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye dashibodi. Magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970 yalikuwa na mita ya maili yenye tarakimu tano tu. Ikifika 99,999, inarudi sifuri, kama vile gari limezaliwa upya. Watengenezaji hawakuona haja ya tarakimu ya sita kwa sababu magari mengi hayakufika huko. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi iliyatafuna kwa kutu, na injini zilihitaji kufunguliwa mapema. Kwa hiyo mzee aliyefika hapa miaka hiyo hakuwa mjinga. Aliyoyasema yalikuwa kweli kwa magari aliyoyaona.

Tarakimu tano zilileta na balaa jingine: wizi wa maili. Muuzaji alirudisha mita nyuma, akapaka rangi, akauza. Marekani ilipitisha sheria ya nchi nzima dhidi ya mchezo huo mwaka 1972. Miaka miwili kabla, mwaka 1970, mwanauchumi George Akerlof alikuwa ameandika makala maarufu kuhusu soko la magari yaliyotumika. Hoja yake, kwa lugha yetu, ni ile ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Muuzaji anajua kilichomo, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi anatoa bei ya wastani, ndogo. Mwenye gari zuri anaona bei haimtoshi, anabaki na gari lake. Mwishoni sokoni inabaki mikweche tu. Akerlof alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001, pamoja na wenzake wawili.

Angalia alichosema: tatizo la soko hili ni taarifa kukaa upande mmoja. Ndiyo maana historia ya gari la mtumba ni historia ya watu kupigania kulifungua hilo gunia.

Hapa Uingereza pigano hilo lilianza na usalama. Mwaka 1960, waziri wa usafiri Ernest Marples alianzisha ukaguzi tunaouita MOT. Ulikuwa mfupi: breki, taa, usukani. Na ulihusu magari ya miaka kumi na kuendelea. Magari mengi mno yalifeli, hivyo mwisho wa mwaka 1961 umri ukashushwa hadi miaka saba, na mwaka 1967 ukashushwa hadi mitatu, kama ulivyo leo kwa England, Scotland na Wales. Kwa miaka mingi matokeo yalikuwa kikaratasi tu, na kikaratasi hupotea. Kuanzia mwaka 2005 rekodi ziliingizwa kwenye kompyuta. Leo mtu yeyote akiwa na namba ya gari anaweza kusoma bure kwenye tovuti ya serikali: lilipita lini, lilifeli kwa nini, fundi alionya nini, na mita ilisoma maili ngapi kila mwaka. Yaani ule wizi wa maili uliowaumiza wazazi wetu, wewe unaweza kuunusa kwa dakika mbili ukiwa kitandani. Maili zikishuka kutoka mwaka mmoja hadi mwingine bila maelezo, achana nalo.

Wakati taarifa zinafunguka, magari yenyewe nayo yalibadilika. Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta, na ndani ya miezi michache bei ya pipa ilipanda karibu mara nne. Serikali ya Uingereza ilisambaza hata kuponi za mgao wa petroli, ingawa hazikuja kutumika. Ghafla gari dogo lisilonywa mafuta likawa na maana. Wajapani walikuwa nayo tayari. Toyota Corolla, kwa mfano, ilikuwa sokoni tangu 1966. Viwandani mwao mfanyakazi akiona kasoro aliruhusiwa kuvuta kamba na kusimamisha kazi mpaka sababu ipatikane. Inaonekana jambo dogo, lakini matokeo yake ni kwamba kasoro ilibaki kiwandani, haikumfuata mteja nyumbani.

Magari hayo yalipendwa mpaka ikabidi yawekewe kikomo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 kulikuwa na makubaliano kati ya viwanda vya pande mbili kwamba Wajapani wasizidi takriban asilimia 11 ya soko la Uingereza. Jibu lao likawa kuja kujenga hapahapa: Nissan huko Sunderland mwaka 1986, Toyota huko Burnaston na Honda huko Swindon mwaka 1992. Ushindani uliwalazimisha wengine kubadilika pia. Mabati yakaanza kukingwa dhidi ya kutu, injini zikaongozwa na kompyuta, na mita ikapata tarakimu ya sita. Ile laki moja ikapoteza maana yake, ila maneno yakabaki vinywani mwa wazee.

Cha kuchekesha ni kwamba ndugu zetu waliobaki nyumbani walilijua hili kabla yetu. Japani wana ukaguzi wao, unaitwa shaken, na unagharimu pesa nyingi. Wengi huona afadhali kuuza gari likiwa bado zima. Kwa kuwa Japani wanaendesha kushoto kama Kenya, Tanzania na Uganda, magari hayo hupanda meli mpaka Mombasa na Dar es Salaam. Mtu wa Nairobi anayesifia Probox lake lililobeba mizigo miaka kumi anazungumzia gari ambalo huko lilikotoka labda lilionekana limezeeka.

Lakini historia hii haikuenda moja kwa moja kuelekea kwenye heri. Mwaka 2001 serikali ya Uingereza ilianza kutoza kodi ya magari kwa kufuata hewa ya ukaa inayotoka. Dizeli hutoa kidogo, hivyo watu walihimizwa kununua dizeli, na kufikia mwaka 2012 takriban nusu ya magari mapya yalikuwa dizeli. Kisha Septemba 2015 ikafichuka kwamba Volkswagen iliweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Upepo ukageuka. London ilianza kutoza pauni 12.50 kwa siku mwaka 2019, ikapanua eneo hadi mitaa yote ya jiji Agosti 2023. Birmingham ilianza mwaka 2021, katikati ya jiji, pauni 8 kwa siku.

Hapa ndipo historia inapoingia mfukoni. Kwa kawaida petroli ya kuanzia mwaka 2006 hivi inapita bila kutozwa, lakini dizeli inapaswa kuwa ya mwishoni mwa 2015 au baadaye. Sasa dizeli za zamani zinauzwa rahisi, na kijana anaona amepata bahati. Yule wetu wa Leicester, kama kazi yake iko katikati ya Birmingham, siku 230 mara pauni 8 ni pauni 1,840 kwa mwaka. Bei rahisi imeshaliwa.

Basi ukienda kutazama gari, soma historia kwa mpangilio huu. Kwanza, kama utaingia jiji linalotoza, ingiza namba ya gari kwenye tovuti rasmi inayohusika uone. Pili, soma MOT zote tangu ya kwanza, si ya mwisho pekee. Onyo lilelile la kutu au breki likijirudia miaka mitatu, ujue mwenye gari alikuwa anapitisha tu, hatengenezi. Tatu, omba kitabu cha sevisi na risiti: mafuta ya injini yalibadilishwa kwa wakati? Kama injini inatumia mkanda wa taimingi, umebadilishwa lini? Nne, lipia ukaguzi wa deni, kwa sababu gari linaweza kuwa bado ni mali ya kampuni ya mkopo. Tano, mlipe fundi asiyemjua muuzaji alitazame.

Kuhusu maili, uliza zilitembezwaje. Maili 110,000 za barabara kuu, zenye risiti zake, mara nyingi ni nyepesi kwa injini, klachi na breki kuliko maili 50,000 za kusimama na kuondoka mjini. Na dizeli ya kisasa ina kichujio cha masizi kinachohitaji safari ndefu ili kijisafishe, kwa hiyo kinachomsumbua mtu wa mjini kinaweza kukufaa wewe.

Mwisho, angalia unanunua kwa nani. Ukinunua kwa mfanyabiashara, sheria ya haki za mteja ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kulirudisha gari lenye kasoro kubwa iliyokuwepo siku ya mauzo, na kudai pesa zako zote. Ukinunua kwa mtu binafsi, kinga hiyo huna, hata kama ni rafiki wa binamu na mmeongea Kiswahili kitamu kwa saa nzima.

Akina baba hawakuwa na rekodi hizi. Walikuwa na macho, masikio na neno la muuzaji, na ile laki moja ilikuwa kinga pekee waliyoweza kujitengenezea. Mzee akikuonya tena, msikilize kwa heshima, kisha mfungulie hiyo rekodi kwenye simu mkaisome pamoja. Huenda akaona kitu ambacho wewe umekipita.