Uvuvi Juu ya Barafu: Habari za Ziwa Winnebago

Leo tutakwenda mpaka Wisconsin, jimbo la kaskazini ya Marekani, penye ziwa liitwalo Winnebago. Urefu wake wapita kilometa 40, lakini kina chake hakifiki mita saba. Wakati wa baridi kali ziwa hili huganda juu, hata watu wakapita juu yake kwa miguu na kwa motokaa. Na hapo juu ya barafu huvua samaki.

Pengine mmoja wenu atauliza: ziwa likiganda, samaki wanaishije? Sababu ni hii. Maji yakipoa huwa mazito, yakazama. Lakini yakifika digrii 4 za Selsiasi mambo hugeuka: yakizidi kupoa huwa mepesi, yakabaki juu, na katika digrii 0 huganda. Basi barafu huelea na kuyafunika maji ya chini kama blanketi, na samaki hukaa humo.

Mvuvi kwanza huupima unene wa barafu. Barafu ngumu ya sentimeta 10 yaweza kumchukua mtu mmoja. Motokaa yataka nene zaidi sana. Kisha hutoboa tundu. Kila namna ya samaki ina chombo chake. Samaki mdogo aitwaye pachi huvuliwa kwa mshipi mwembamba na ndoana ndogo. Paiki, mwenye meno makali, hutegewa chambo cha samaki mdogo. Juu ya tundu huwekwa kibendera, naye akimeza chambo kibendera huinuka.

Lakini mkubwa wao wote ni stajoni. Huyu hana magamba kama samaki wengine, bali mifupa migumu iliyojipanga mgongoni na ubavuni, na mdomoni ana ndevu kama kambare. Mwaka 1946 ulikuwa haujafika bado walipozaliwa baadhi ya stajoni walioonekana karibu na siku zetu, maana jike aweza kuishi miaka mia na kupita. Mwaka 2010 alivuliwa mmoja katika ziwa hili mwenye uzito wa kilo 96.

Stajoni havuliwi kwa ndoana hapa. Mvuvi hukata tundu pana kwa msumeno, akaweka juu yake kibanda kisicho na madirisha. Ndani ni giza, lakini mwanga hupenya barafu ya nje, na maji yaliyo chini yake yakaonekana yaking'aa. Hushusha samaki wa mti aliyechongwa ili kumvuta stajoni, kisha hungoja, chusa mkononi. Aweza kungoja siku nyingi asione kitu.

Sasa tuangalie historia yenyewe. Tangu zamani Wamenomini, wenyeji wa nchi ile, walimtegemea stajoni. Baridi ilipokwisha na chakula kupungua, samaki hao walipanda mto Wolf kwenda kutaga mayai penye maporomoko ya Keshena, na watu wakafanya karamu.

Wageni kutoka Ulaya walipofika, mwanzoni hawakumtaka. Katika maziwa makubwa ya nchi ile alirarua nyavu zao, basi wakamtupa, na hata kumchoma moto. Baadaye wakatambua kwamba mayai yake na nyama yake iliyokaushwa kwa moshi vina bei kubwa. Hapo wakamvua bila kiasi. Jike hukomaa akiwa na miaka 20 na zaidi, tena hatagi kila mwaka. Samaki wa namna hiyo akivuliwa kwa pupa hawezi kujaza pengo upesi. Mwaka 1915 serikali ya Wisconsin ilipiga marufuku kumvua kabisa.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1931 kuingia 1932, wavuvi wa Winnebago waliruhusiwa tena kutumia chusa, chini ya sheria. Siku hizi majira hayo hufunguliwa Februari, na hayazidi siku 16. Kila mwenye leseni hupata stajoni mmoja tu, naye lazima ampeleke kuandikishwa siku ile ile. Idadi iliyowekwa ikitimia, hasa ya majike makubwa, uvuvi hufungwa mapema. Mwaka 1977 wavuvi wenyewe waliunda chama cha kumtunza samaki huyu. Na wakati wa kutaga, watu wa kujitolea hukesha kando ya mto wakiwazuia wezi.

Hata hivyo sheria haikuwatendea wote haki kwa wakati mmoja. Mabwawa yaliyojengwa kuvuka mto Wolf yaliwazuia stajoni wasifike Keshena, na Wamenomini wakakaa miaka mingi bila samaki wao. Katika miaka ya 1990 walianza kuletewa wachache kwa ajili ya karamu. Katika miaka ya 2010 stajoni walivushwa juu ya mabwawa, wakarudi maporomokoni.

Basi, wasikilizaji, tumejifunza jambo hili: samaki huyu hakuokolewa na katazo peke yake. Aliokolewa na wavuvi waliokubali kuhesabu kila alichokamata mtu, na kufunga mlango saa iliyotakiwa, hata kama mikono ya wengine ilikuwa mitupu.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini barafu huelea?
2. Kwa nini stajoni hupungua upesi akivuliwa sana?
3. Nani walipata hasara kwa sababu ya mabwawa, na walirudishiwa nini?