Kihamba na Ndoa: Historia Iliyo Chini ya Mgomba

Sisi vijana wa mjini tukisikia neno bustani tunakumbuka maua ya mbele ya nyumba za wakubwa. Tukisikia neno ndoa tunakumbuka kadi ya mchango, ukumbi, keki na video. Hivi tumewahi kujiuliza shughuli ikishaisha, watu wawili hukaa miaka hamsini wakifanya nini? Mimi nimelitafuta jibu kule nyumbani Uchagani, kwenye bustani isiyo na geti wala ua la kumpendezea mgeni: kihamba.

Kihamba ni shamba linaloizunguka nyumba. Juu kabisa kuna miti kama mringaringa, inayotoa kivuli na mbao. Chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe yuko zizini. Anakula majani na vigogo vya migomba, na samadi yake inarudi kwenye migomba hiyohiyo. Maji yalishuka kutoka mlimani kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa na wazee kabla hata Mjerumani hajafika. Wataalamu wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea katika vihamba vya Kilimanjaro, ikiwa ni pamoja na ile inayoota yenyewe. Na vingi havifiki hata ekari mbili!

Sasa basi, nani mwenye bustani hii? Hapo ndipo historia inapoanza kuwa chungu. Kwa mila, kihamba kilipita kwa wanaume. Mtoto wa kwanza wa kiume alipewa chake, na wa mwisho alibaki na nyumba ya wazazi. Mwanamke aliingia kihambani kwa mlango mmoja tu, nao ni ndoa. Lakini akishaingia, mgomba ulikuwa wake: chakula cha watoto, ndizi za kupeleka sokoni, ndizi za kupikia mbege.

Kahawa ikaja kubadili mambo. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliipanda Kilema katika miaka ya 1890. Chini ya Mwingereza wakulima Wachagga waliikamata kwelikweli, walowezi wakachukia. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, kulinda haki ya kupanda zao hilo, na mwaka 1933 ikafuata KNCU. Ni historia ya kujivunia, na vitabu vimeisifu. Ila kwenye daftari la chama jina lililoandikwa kwa kawaida lilikuwa la baba. Nani alipalilia? Nani alibeba samadi? Nani alichuma buni na mtoto mgongoni? Daftari halikuwa na safu ya majibu hayo.

Nilimwuliza bibi yangu walidumuje na babu miaka yote ile. Hakunijibu habari za mapenzi. Alikuwa anapunguza machipukizi, akanionyesha shina moja kwa mundu.

"Ukiacha watoto wote, mjukuu wangu, hupati mkungu wa maana. Ukikata wote, mwakani huna mgomba. Unaacha mama, mtoto na mjukuu. Kila mwaka unachagua tena."

"Na babu je?"

"Naye alikuwa anachagua," akasema, akacheka. "Ila alichelewa kujua mundu unakatia upande gani."

Msidhani walikuwa malaika. Mwezi Julai 1975 baridi kali iliua mibuni Brazili, na kwa miaka miwili hivi iliyofuata bei ya kahawa duniani ikapaa. Babu alipata fedha ambazo hakuwahi kuzishika, akazifanya zake peke yake. Bibi akafunga kanga zake akarudi kwao. Wiki ya pili wazee wakaja na jani la sale. Huu ndio mmea uleule unaopandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, nao ndio unaobebwa kuomba msamaha. Ukiletewa, ni vigumu sana kukataa. Bibi alirudi, lakini kwa sharti: mauzo ya kahawa yahesabiwe mezani, wote wawili wakiwa wamekaa. Mmea mmoja unatenganisha na kupatanisha. Nadhani ndoa ya muda mrefu inauhitaji kwa kazi zote mbili.

Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei ya kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka. Wanaume wengi waliona kama nguzo ya nyumba imeanguka. Huko kwetu ada za shule zilitoka wapi? Kwenye maziwa na ndizi, yaani kile kilichoitwa "vitu vya akina mama".

Sheria nayo ilikuwa ikijikongoja. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu mali iliyochumwa kwa jasho la wote wawili kugawanywa ndoa ikivunjika. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Sheria za ardhi za 1999 zikampa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Lakini Tangazo la Sheria ya Mila la 1963, lililohusu makabila mengi ya ukoo wa baba, lilisema mjane hana fungu mume akiacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Yaani ukivunja ndoa una la kudai, ukiidumisha mpaka kifo unabaki na hisani! Hebu nielezeni, wenzangu.

Babu alipofariki tulimzika kihambani, kama ilivyo desturi. Kwenye kikao cha ukoo baba mdogo, kitinda mimba, akatajwa kuwa mwenye nyumba, na mzee mmoja akasema bibi "ataruhusiwa" kukaa. Bibi alisimama.

"Mgomba uliomlisha huyu nimeupanda mimi. Mume wangu amelala pale. Ni nani kati yetu anayemruhusu mwenzake?"

Kimya. Baba mdogo ndiye aliyekivunja: akaomba muhtasari uandikwe kwamba kihamba hakitauzwa wala kukatwa bila saini ya mama yake. Bibi hajui kuandika. Aliweka dole gumba, likiwa bado na utomvu wa mgomba.

Karatasi ile ninayo nakala yake. Ndugu zangu wenye kalamu, tunahangaika kutafuta mashujaa wa kuandika wakati daftari la chama halijajazwa. Likizo ya Desemba mkipanda basi kwenda "kuhesabiwa", ingieni kihambani na kalamu. Ulizeni nani alipanda nini, mwaka gani, na jina la nani liliandikwa.