Usubi wa uyoga: kwao Rutshuru, jina lake Brussels



Sisi wa Brussels tunaijua Matonge: saluni, pondu, maneno ya nyumbani. Lakini ukitoka pale kwa miguu, robo saa hivi, unafika rue Vautier, kwenye Taasisi ya Kifalme ya Sayansi Asilia. Watu huingia kuwatazama Iguanodon, wale waliofukuliwa Bernissart mwaka 1878. Mimi leo nataka kusema habari za mdudu asiye na watazamaji: usubi wa uyoga.

Huyu ni mdogo kama mbu, mgongo umepinda, miguu mirefu. Haumi mtu. Mabuu yake huishi ndani ya uyoga na magogo yanayooza. Jina Mycetophila, alilolitoa Meigen mwaka 1803, maana yake kwa Kigiriki ni mpenda uyoga.

Sasa, spishi mpya hupatikanaje? Wengi hudhani ukishamnasa porini, basi, yamekwisha. Sivyo. Kwa macho matupu wanafanana mno. Mtaalamu humchukua dume, hukata ncha ya tumbo, huilowesha katika potashi mpaka nyama iyeyuke, kisha huchora viungo vya uzazi chini ya hadubini. Hapo ndipo tofauti huonekana. Halafu huchapisha maelezo na kuteua mdudu mmoja awe kielelezo, yaani holotaipu. Jina la spishi hufungwa kwa huyo mmoja. Ukitokea ubishi, lazima arejewe yeye.

Na hapo ndipo sisi tunapoingia. Kati ya 1933 na 1935, G. F. de Witte alikusanya wanyama na wadudu katika Parc National Albert, hifadhi iliyoundwa 1925, ambayo leo ni Virunga. Matokeo yalichapishwa Brussels, kijitabu baada ya kijitabu. Karibu wakati huohuo, 1934-35, F. W. Edwards wa British Museum, bingwa wa usubi hawa, alikuwa Ruwenzori, upande wa Uganda. Ukanda mmoja wa milima, mpaka wa wakoloni katikati, na masanduku yakaenda miji miwili. Mdudu mwenyewe hajui mpaka! Ikiwa kila mji umempa jina lake, kanuni inasema jina la kwanza ndilo linaloshinda. Lakini kwanza mtu awalinganishe, na vielelezo viko huku.

Kwa hiyo kijana wa Goma akimkuta usubi kwenye uyoga wa shambani kwao, ili ajue kama ni mpya ama la, huenda akaanza kwa kuomba viza. Sisemi kila sanduku lirudishwe kesho. Nasema picha na michoro ya vielelezo iwe wazi kwa wote, na vijana wa kwetu wafundishwe kazi hii ya hadubini huko huko nyumbani.

Jambo la mwisho. Vibandiko vya msafara ule vina mahali, mwinuko, tarehe, namba, na jina la de Witte. Safari kama zile hazikwendi bila wapagazi na wajuzi wa njia, ila wao kwenye kibandiko hawamo. Aliyesikia habari zao kwa babu yake, tafadhali aziandike. Jina la mdudu tunalo. La aliyembeba hatuna.