Unaandaliwa kwa kazi ya wapi?

Hivi mwanafunzi wa udaktari wa meno akiulizwa anayaonaje mazingira ya kusomea, anaulizwa nini hasa? Dodoso maarufu, DREEM, lilitoka Dundee, Uskoti, mwaka 1997: kauli 50, jumla alama 200. Linagusa walimu, masomo, marafiki, hata kama unajiona unaandaliwa vizuri kwa kazi yako.

Sasa jiulize: kazi ya wapi? Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walifurika Kagunga, kijiji cha ziwani kilichokuwa hakifikiki kwa gari. Kipindupindu kikalipuka, MV Liemba ikawabeba hadi Kigoma. Na huko nako watu wanaumwa meno. Kwa hiyo ukilijaza dodoso pale Muhimbili, ifikirie Kagunga: je, umefundishwa kutibu mbali na kiti cha umeme?