Pistoni ya Gesi ya Baruti

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi akisikia "bunduki ya gesi" huenda akafikiria mtungi, au bunduki ya upepo. Gesi inayosemwa hapa ni ya baruti. Risasi inapofyatuliwa, baruti huungua ikawa gesi yenye joto na mgandamizo mkubwa, nayo huisukuma risasi itoke mtutuni. Katika bunduki nyingi zinazojipakia zenyewe, kiasi kidogo cha gesi hiyo huchepushwa kupitia tundu la mtutu ili kifungue komeo na kutupa ganda.

Njia kuu ni mbili. Katika Kalashnikov, ambayo Watanzania wengi huiita SMG, gesi hupiga ufito wa chuma ulio juu ya mtutu, na ufito hurudisha komeo nyuma. Gesi nyingi huishia mbele, mbali na uso. Bunduki za AR-15, zilizotokana na ubunifu wa Eugene Stoner wa kampuni ya ArmaLite ya Marekani miaka ya 1950, hazina ufito huo. Gesi hupita kwenye mrija mwembamba hadi ndani ya chuma kinachobeba komeo, hukisukuma kutoka humo humo, kisha hutokea kwenye matundu ya ubavu wa kulia.

Hapo ndipo mwenye mashoto anapoumia. Akiegemeza kitako begani kushoto, uso wake hukaa upande wa kulia wa bunduki, nyuma tu ya dirisha la kutupia maganda. Moshi na chembe za masizi humfuata machoni. Ndiyo maana Marekani wapo wapigaji wa mashoto wanaochukua AR-15 ya bei nafuu na kuifungia pistoni, yaani ufito kama ule wa Kalashnikov.

Kwa istilahi, mfumo wa ufito napendekeza uitwe "mfumo wa pistoni ya gesi ya baruti". Baada ya kutajwa mara ya kwanza, "pistoni ya gesi" yatosha. Neno pistoni mafundi magari wamekwisha kulizoesha. Mfumo wa Stoner tuuite "wa mrija wa gesi". Kuuita "usio na pistoni" ni kosa, kwa sababu komeo lenyewe hufanya kazi ya pistoni ndani ya chuma kinacholibeba. Hati ya hataza ya Stoner ya mwaka 1960 ina maelezo hayo.

Kuifungia AR-15 pistoni kuna gharama zake. Ufito husukuma kutoka juu, si katikati, hivyo chuma kinachobeba komeo huweza kuinama nyuma na kukwaruza mrija wa kitako. Vipuri vya pistoni pia havibadilishani ovyo kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Na pistoni haihamishi dirisha: maganda bado yatarukia kulia, mbele ya uso wa mwenye mashoto. Anayetaka kuyaondoa upande huo anunue bunduki iliyoundwa kwa ajili ya mashoto tangu kiwandani, na kwa vyovyote avae miwani ya kukinga macho.