Mashine za masikio za Costco: soma kabla hujamwambia nduguyo wa Marekani anunue

Ami yangu anayekaa Kibokoni alikuwa na jawabu moja kwa kila swali: "Naam." Ukimuuliza kama amekula, naam. Ukimwambia kuna msiba kwa jirani, naam. Mwanzo tulicheka. Kisha akaacha kukaa barazani baada ya laasiri, kwa sababu mazungumzo yalimpita na aliona haya kuuliza mara ya tatu. Hapo kicheko kiliisha.

Mwanawe yuko Columbus, Ohio. Akatuandikia kwenye kundi la familia: Costco wauza mashine za masikio kwa bei nafuu, je, anunue jozi aitume na mtu anayekuja Ramadhani? Sote tukajibu anunue, nami nikiwamo. Baadaye nikaketi nikafuatilia biashara hiyo inavyokwenda, nikaona kuwa tulikuwa na haraka. Nayaandika hapa kwa sababu najua familia nyingi za mwambao zina mtoto ng'ambo na mzee nyumbani ambaye hasikii vizuri.

Duka lenyewe na bei yake

Costco ni kampuni ya Marekani yenye maduka makubwa kama bohari. Mtu hununua mchele, televisheni na magurudumu ya gari chini ya paa moja. Duka la kwanza lenye jina hilo lilifunguliwa Seattle mwaka 1983. Hununui bila kadi ya uanachama, na kadi ya kawaida tangu Septemba 2024 ni dola 65 kwa mwaka. Ndani ya matawi mengi mna kituo cha masikio chenye chumba cha kupimia.

Miaka ya karibuni jozi moja pale imekuwa ikiuzwa kwa dola 1,500 hadi 1,600 hivi, yaani karibu shilingi laki mbili za Kenya. Kwetu hizo ni pesa nyingi. Lakini Marekani, jozi ya daraja hilo kwenye kliniki ya kawaida mara nyingi hufika dola 4,000 na kupita. Bima ya serikali ya wazee wa miaka 65 na zaidi, Medicare ya kawaida, hailipi mashine za masikio. Ndiyo maana wazee wengi wa huko hupanga foleni Costco.

Unafuu huo hautokani na ubovu wa mali. Zinazouzwa ni za majina yanayojulikana, kama Jabra, Philips na Rexton. Duka hununua kwa wingi, huweka aina chache, na hutosheka na faida ndogo kwa kila jozi.

Unachonunua hasa

Hapa ndipo sisi tulipokosea. Tulidhani mashine ya masikio ni kama miwani ya kusomea ya pale Marikiti: unajaribu, ukiona vizuri unalipa. Sivyo.

Pale Costco mzee huweka miadi kwanza. Hukaguliwa ndani ya sikio, kisha huingia chumba cha kimya na kusikilizishwa sauti nzito na nyembamba, moja baada ya nyingine, mpaka ijulikane sikio linaanza kusikia wapi. Matokeo huchorwa kwenye chati. Uziwi wa uzeeni mara nyingi huanza kwenye sauti nyembamba. Ndiyo sababu mzee husema, "Nakusikia, ila sielewi unasema nini": sauti ya jumla yamfikia, lakini herufi kama s, f na th zimepotea.

Mashine hupangwa kwa kompyuta kufuata chati hiyo, kila sikio peke yake. Fundi anaweza pia kutia mrija mwembamba sikioni kupima sauti inayofika ndani kweli. Baada ya hapo mzee hurudi, hueleza kinachomkera, na mipango hubadilishwa. Marejeo na usafishaji havina malipo ya ziada, na kuna siku 180 za kurudisha mali akiona haimfai.

Ukiziondoa hizo ziara, umebaki na kifaa tu. Kile kinachoifanya bei ile iwe nafuu, yaani huduma ya baada ya kununua, hakiwezi kutiwa kwenye sanduku na kupewa msafiri. Na Costco haina tawi hata moja Afrika.

Kwa nini usimtumie mzee jozi iliyopangiwa mtu mwingine

Mashine iliyopangwa kwa sikio la mtu mwingine inaweza kuwa na sauti ndogo isiyosaidia, au kubwa mno ikaliumiza sikio lililobaki. Kizibo kisichoenea sikioni huifanya ipige mluzi. Mzee ataivaa siku mbili, aivue, aiweke kwenye mtoto wa meza, na hatataka kusikia habari ya mashine tena. Hilo la mwisho ndilo hasara kubwa kuliko dola zenyewe.

Zipo pia mashine zinazouzwa bila kupimwa na mtaalamu. Marekani iliziruhusu rasmi kuanzia tarehe 17 Oktoba 2022, kwa watu wazima wa miaka 18 na zaidi wenye tatizo dogo au la wastani. Si za watoto, wala si za mzee anayepigiwa kelele ndipo asikie. Na kile kipaza sauti cha bei rahisi cha mtandaoni, kinachokuza mazungumzo na kelele za tuktuk sawasawa, usikihesabu kuwa tiba.

Mzee akienda Marekani mwenyewe

Hapa mpango wa Costco una maana, ila uwe na muda. Safari ya wiki mbili haitoshi. Panga miezi miwili au zaidi ili apimwe, avae, arudi na arekebishiwe. Mtoto mwenye kadi aulize mapema mgeni atahudumiwa vipi, na aweke miadi kabla ya ndege kutua, kwa sababu foleni huwa ndefu. Aende naye ndani, amfasirie kwa Kiswahili kila swali, asijibu badala yake.

Kabla ya kurudi nyumbani, hakikisheni haya:

Nakala ya chati ya vipimo, iliyochapishwa.

Jawabu la swali hili: je, fundi mwingine nje ya duka ataweza kuipanga upya? Baadhi ya mashine duniani hufungwa zisifunguliwe ila na muuzaji wake.

Vizibo na vichujio vya nta vya akiba, vya mwaka mzima.

Kama ni ya kuchaji, chaja inayokubali volti 240, pamoja na plagi ya pini tatu. Kama ni ya betri, jueni namba: 10 ina karatasi ya manjano, 312 ya kahawia, 13 ya rangi ya chungwa, 675 ya buluu. Umeme ukikatika mara kwa mara mtaani kwenu, ya betri inaweza kumfaa zaidi.

Mzee akiwa nyumbani

Anza na daktari. Huenda sikio limezibwa na nta tu. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, hapa Mombasa, ina kliniki ya masikio, pua na koo. Kama kusikia kumepotea ghafla, kama sikio latoa usaha, lauma, au kuna kizunguzungu, usingoje Ramadhani wala mgeni: mpeleke siku hiyo hiyo.

Akishapimwa na kuambiwa anahitaji mashine, muulize muuzaji maswali manne. Bei hii ina marejeo mangapi ndani yake? Nikirudisha ndani ya mwezi, napata kiasi gani? Ikiharibika, yatengenezwa hapa au yasafirishwa? Je, nitapewa chati yangu? Anayekwepa maswali hayo, mshukuru uende zako.

Kisha kuna hali yetu ya pwani. Jasho na unyevu ndio maadui wa mashine hizi. Usiku zivuliwe, mlango wa betri uachwe wazi, ziwekwe kwenye kopo lenye vidonge vya kukausha unyevu. Zivuliwe kabla ya kutia udhu, na masikio yakauke kabla ya kuzirudisha. Zisiachwe dirishani juani.

Na muwe na subira. Ubongo uliozoea kimya hushtuka. Siku za mwanzo avae saa chache ndani ya nyumba, na mtu mmoja azungumze naye. Harusini na sokoni baadaye.

Tulivyofanya sisi

Tulimwandikia binamu asinunue, atume pesa. Ami alipopelekwa hospitali, sikio la kulia lilikutwa limejaa nta. Baada ya kusafishwa, kipimo kilionyesha masikio yote mawili yamepungua kwa umri. Akavishwa mashine hapa hapa Mombasa na akarudi kwa fundi mara tatu. Mara ya pili alilalamika kuwa yasikika bati la jirani likigongwagongwa na upepo. Fundi akacheka, akasema hilo bati limekuwa likigongwa miaka yote.

Sasa yuko barazani tena, ingawa si kila siku. Yuachoka mapema, na watu wakizungumza watatu kwa pamoja bado yampotea. Juzi nilimsalimia kwa sauti ile ya zamani, ya kupaza. Akanitazama akaniambia, "Mwanangu, mbona wanipigia kelele?"