Mwaka Ulioandikwa Kwenye Sarafu Si Shahidi wa Kutosha

Chukua nusu dola mbili za Marekani zenye mwaka 1807 na sura ileile ya Uhuru aliyevaa kofia. Ziangalie upande wa tai kwa lenzi. Moja ina 50 iliyonyooka. Kwenye nyingine, tarakimu 5 imekaa juu ya 2 ambayo haikufutika vizuri, kwa sababu fundi alianza kuandika 20 kisha akajisahihisha juu ya chuma kilekile. Anayekusanya sarafu kwa mwaka na thamani peke yake atasema anazo mbili za namna moja. Mimi nasema ni sarafu mbili tofauti. Tena nasema historia ya fedha za mwanzo za Marekani, tangu dola ya kwanza ya 1794 hadi mashine za mvuke za kugongea sarafu zilipoingia kiwandani mwaka 1836, haiandikiki kwa uaminifu bila kutenganisha mihuri iliyozigonga.

Sababu iko katika namna mihuri hiyo ilivyotengenezwa. Katika kiwanda cha sarafu cha Philadelphia, mnakshi Robert Scot na wenzake waliweza kupiga kichwa au tai kwa chuma kimoja cha mfano, lakini nyota, herufi na tarakimu za mwaka ziliongezwa moja moja kwa nyundo na mkono. Mkono haurudii kazi yake sawasawa. Ncha ya nyota inaelekea kishungi cha nywele kwenye muhuri mmoja, na kwenye mwingine inakipita. Kijitunda cha tawi kiko chini ya herufi hii au ile. Feleji ya kutengenezea mihuri ilikuwa ghali na ilipasuka upesi, kwa hiyo muhuri ulitumika hadi ushindwe kabisa, hata kama mwaka ulioandikwa juu yake umeshapita. Na kwa kuwa ufa wa muhuri hukua tu wala haurudi nyuma, sarafu yenye ufa mfupi iligongwa kabla ya ile yenye ufa mrefu. Muhuri mmoja wa kichwa ukiwa umeunganishwa na mihuri mitatu ya tai, nyufa hizo hutuambia muungano upi ulitangulia. Juu ya msingi huo ndipo Al Overton alipojenga kitabu chake cha nusu dola, kilichotoka 1967, na kabla yake Ard Browning alikuwa ameshafanya hivyo kwa robo dola mwaka 1925.

Matokeo yake ni habari ambazo hakuna karani aliyeziandika. Sarafu za fedha za senti kumi za miaka ya mwanzo hazikuandikwa thamani upande wa tai, na upana wake ulikaribiana na ule wa sarafu ya dhahabu ya dola mbili na nusu. Wanaolinganisha mihuri waligundua kuwa kiwanda kilitumia muhuri uleule wa tai kwa fedha na kwa dhahabu. Mmoja wa mihuri hiyo, wa mwaka 1804, hutambulikana mara moja kwa nyota zake 14 badala ya 13. Hapo unauona ubanaji matumizi wa taifa changa, umegongwa kwenye madini yenyewe.

Lakini ushahidi mzito zaidi ni dola ya 1804. Daftari la kiwanda linasema mwaka huo zilitolewa dola 19,570, ilhali dola zenye mwaka 1804 zinazojulikana leo ni chache mno. Wakusanyaji walibishana zaidi ya karne. Ukweli ni kwamba zile za daftari ziligongwa kwa mihuri ya miaka ya nyuma. Dola zenye 1804 zilianza kutengenezwa mwaka 1834, serikali ilipotaka seti za sarafu ziwe zawadi kwa watawala wa Asia, akiwamo Sayyid Said bin Sultan wa Muscat na Zanzibar, aliyekuwa ametia saini mkataba na mjumbe Edmund Roberts mwaka 1833. Zawadi yake ilimfikia 1835. Eric Newman na Kenneth Bressett walilithibitisha jambo hili katika kitabu chao cha 1962, na mwaka huohuo seti iliyokwenda Siam ikajitokeza, dola ya 1804 ikiwa kando ya sarafu za 1834. Dola inayoaminika kuwa ya Sayyid Said iliuzwa mwaka 1999 kwa dola milioni 4.14.

Mtu atasema kitendawili hicho kilitatuliwa na barua za serikali, si na mihuri. Barua zilieleza sababu, nakubali. Lakini maandishi ndiyo yaliyopotosha watu kwanza, na ni ukingo wa sarafu hizo, uliobanwa kwa pete ambayo kiwanda hakikuwa nayo mwaka 1804, uliokataa kukubaliana na daftari. Tena ni muhuri wa pili wa tai unaotenga zile nane za kwanza na nyingine zilizogongwa baadaye kwa siri. Watu wa pwani yetu, waliotumia reale ya Maria Theresa iliyoendelea kugongwa na mwaka 1780 miaka mingi baada ya malkia huyo kufa, hawana haja ya kushawishiwa kwamba mwaka wa sarafu waweza kusema uongo.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi: kwamba aina hizi zinazotenganishwa kwa mihuri ni ujanja wa wauzaji wa kupandisha bei. Wapo wanaouza kila doa la kutu kama aina mpya, na hao wanaiharibu elimu hii. Aina ni jozi ya mihuri. Uchakavu wa muhuri ni hali yake tu. Na uchache wa kweli una chanzo kinachoonekana. Kuna nusu dola ya 1817 ambayo 7 yake ilipigwa juu ya 4, na zinazojulikana ni kama dazeni moja. Hata iliyosuguka sana hutambulikana, maana nafasi ya tarakimu na nyota hudumu baada ya nywele na manyoya kufutika, na ufa uliokata muhuri huo wa kichwa kutoka ukingo hadi ukingo unaeleza kwa nini haukuweza kugonga nyingi.